MUHUMUSA: BIBI WA IKULU ALIYESHIKA NJIA YA NYABINGI

Mwaka 1945 alifariki dunia mjini Kampala mwanamke mmoja aliyekuwa mikononi mwa serikali ya Kiingereza tangu mwaka 1911. Jina lake Muhumusa. Kwa muda wa miaka 34 hakuruhusiwa kurudi katika nchi ya vilima alikokamatwa, sembuse Rwanda alikotoka. Wakubwa wa serikali walimhesabu kuwa mchawi wa hatari. Wale waliomfuata walimjua kwa sifa nyingine: kwao alikuwa mjane wa mfalme na kiti cha Nyabingi. Tofauti iliyopo kati ya mchawi na kiti cha pepo ni kubwa kwa kila aliyelelewa katika nchi zetu, lakini kwa hakimu wa kigeni ilikuwa haipo kabisa.

Ili kuelewa mwanamke huyu aliacha nini alipoondoka kwao, yafaa kwanza kutazama maisha ya mabibi wa ikulu katika falme za Maziwa Makuu kabla ya kuja kwa Wazungu. Bibi wa ukoo mkubwa hakushika jembe. Hakwenda kisimani wala hakutafuta kuni. Maziwa ndiyo yaliyokuwa chakula chake cha heshima, na wajakazi ndio waliokuwa miguu na mikono yake. Msafiri wa Kiingereza, John Speke, alipofika Karagwe mwaka 1861 katika ikulu ya Mfalme Rumanyika, aliwakuta mabibi walionyweshwa maziwa tangu utotoni hata wakanenepa kiasi cha kushindwa kusimama wima. Unene huo ndio uliokuwa uzuri wenyewe. Huko Rwanda mabibi wakubwa walibebwa kwa machela walipotaka kutoka. Walisuka vikapu vyembamba vyenye vifuniko vilivyochongoka, kazi ya mkono mwepesi isiyo na haraka, na miguuni walivaa pete nyingi za nyasi zilizosokotwa, zilizowafanya watembee polepole kwa madaha. Mguu uliozoezwa mwendo huo haukutengenezwa kwa ajili ya kupanda milima.

Muhumusa alisema kuwa ametoka katika nyumba ya namna hiyo. Alijitangaza kuwa mmoja wa wake wa Mwami Kigeli wa Nne Rwabugiri, mfalme mpiganaji aliyeipanua Rwanda kwa vita hata akafariki mwaka 1895. Wanahistoria hawakuafikiana juu ya dai hilo. Wako wanaolikubali, na wako wanaoona kuwa cheo hicho alikipata njiani. Lakini jambo moja halina ubishi: watu wengi walimsadiki, na ikulu ya Rwanda haikumcheka. Mtu asiye na mzizi wowote huchekwa, huyu aliogopwa.

Moto wa Rucunshu

Rwabugiri alikuwa amemteua mwanawe Rutarindwa arithi kiti. Mama mzazi wa kijana huyo alikuwa amekwisha kufa, na kwa kuwa desturi ya Rwanda ilitaka mfalme atawale pamoja na mama, mke mwingine wa marehemu, Kanjogera, aliwekwa mahali pa mama huyo. Kanjogera naye alikuwa na mtoto wake wa kumzaa, Musinga. Akina mama wanaosoma makala haya hawahitaji kuelezwa zaidi. Mwaka 1896, mahali paitwapo Rucunshu, Kanjogera pamoja na ndugu zake wakiongozwa na Kabare walimgeukia Rutarindwa. Mfalme alipoona ameshindwa alijichoma moto ndani ya nyumba pamoja na watu wake. Musinga, akiwa bado mtoto, akatawazwa, na mama yake akawa mwenye nchi hasa.

Tangu siku hiyo kila mtu wa nasaba ya Rwabugiri aliyekuwa nje ya upande wa Kanjogera alikuwa na mambo mawili tu ya kuchagua, kunyamaza au kukimbia. Muhumusa alikwenda kaskazini. Alidai kuwa anaye mtoto wa kiume, Biregeya, aliyezaliwa na Rwabugiri, na kwamba mtoto huyo ndiye aliyestahili ufalme. Kwa hiyo safari yake haikuwa ya mtu anayekwenda kutazama dunia. Ilikuwa safari ya mama anayetafuta jeshi.

Lakini jeshi atalipata wapi mwanamke asiye na ng'ombe wa kugawa, asiye na ndugu wenye mikuki, katika nchi ambayo wenyeji wake hawaipendi ikulu aliyotoka?

Nyabingi ni nani?

Nchi aliyokimbilia huitwa Ndorwa. Ni vilima vilivyosongamana, vyenye baridi na ukungu, kuanzia kaskazini ya Rwanda hadi Kigezi ya Uganda. Wenyeji wake wengi, Wakiga, walikuwa wakulima waliojitawala kwa koo, wakichukia kutozwa kodi na bwana yeyote. Aliyeheshimiwa kuliko mabwana katika vilima vile alikuwa Nyabingi.

Mapokeo juu ya asili yake hayalingani. Wengine husimulia kuwa alikuwa malkia wa zamani mwenye ngoma ya ajabu, aliyeendelea kutawala hata baada ya kufa. Wengine husema alikuwa bibi wa kifalme aliyeuawa, na roho yake ikarudi kudai haki. Wako wanaomleta kutoka Karagwe. Jina lenyewe lina maana ya mwenye vitu vingi, na msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kuisikia "ingi" iliyomo ndani yake.

Nyabingi hakusema kwa kinywa chake. Alimpanda mtu, mara nyingi mwanamke, na mtu huyo aliitwa mugirwa. Wakiwa wengi ni bagirwa. Mugirwa alikaa katika giza la kibanda, akatetemeka, akasema kwa sauti isiyokuwa yake. Mgonjwa aliuliza sababu ya ugonjwa wake, mgumba aliomba mtoto, mwenye shamba aliomba mvua. Waliokuja hawakuja mikono mitupu: walileta pombe, majembe, mbuzi, na wenye uwezo walileta ng'ombe. Kwa njia hiyo nyumba ya mugirwa ilijaa mali na watu, na mali hiyo ilikuwa ileile ambayo chifu au mtoza kodi wa Mwami angependa kuiona kwake. Ndiyo maana Nyabingi aligombana na watawala kabla hata Mzungu hajaonekana katika vilima hivyo.

Hapo ndipo penye jambo la ajabu katika maisha ya Muhumusa. Binti wa tabaka la mabwana, aliyezoea kuamkiwa kwa magoti, aliingia katika dini ya watu waliolichukia tabaka hilo. Huenda alishikwa na pepo kweli, huenda aliona kuwa hakuna njia nyingine. Moyo wa mtu ni msitu. Lakini Wakiga ambao wasingemfuata kwa kuwa mjane wa mfalme wa Rwanda walimfuata kwa kuwa Nyabingi alisema kwa kinywa chake, na wale Wanyarwanda ambao wasingemjali mugirwa wa milimani walimfuata kwa ajili ya mtoto wa Rwabugiri. Yeye peke yake aliyaunganisha makundi hayo mawili. Akaitwa malkia wa Ndorwa.

Bukoba, halafu mpaka mpya

Wakati huo Rwanda ilikuwa chini ya Wajerumani. Mwaka 1907 Richard Kandt aliwekwa kuwa mwakilishi wao, na siasa yao ilikuwa kutawala kwa kumtegemeza Musinga. Mwanamke anayedai kuwa mfalme huyo ni wa kupora alikuwa mwiba kwao pia. Mwaka 1909 walimkamata, wakampeleka Bukoba, kwenye boma lao lililokuwa kando ya Ziwa Viktoria, akakaa kizuizini kwa muda wa miaka miwili hivi.

Alipofunguliwa mwaka 1911 dunia ilikuwa imebadilika bila kumwuliza. Mwaka 1910 Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji walikutana mjini Brussels, wakaigawa nchi ya vilima kwa kalamu, na wapimaji wao walikuwa njiani wakiweka alama za mpaka. Ndorwa ilikatwa vipande. Muhumusa alivuka kuingia upande uliokuwa umepewa Waingereza. Kwake yeye alikuwa bado yuko Ndorwa. Kwa maofisa alikuwa mhamiaji mwasi.

Huko alitoa tangazo lililosisimua vilima vyote. Alisema kuwa Karinga, ngoma takatifu ya wafalme wa Rwanda, imefichwa katika kilima cha Ihanga, si mbali na mahali ulipo mji wa Kabale leo, na kwamba yeye ndiye atakayeitoa. Kwa Mnyarwanda wa zamani ngoma hiyo haikuwa chombo cha kuchezea. Mwenye Karinga ndiye mfalme. Asiyekuwa nayo ni mtu tu. Aidha Muhumusa aliahidi kuwa atawafukuza Wazungu, na kwamba risasi zao zitageuka maji.

Ahadi hiyo si ngeni kwa wasomaji. Mwaka 1905, kusini ya iliyokuwa Tanganyika, maelfu ya watu waliingia vitani dhidi ya Wajerumani wakiwa na imani hiyohiyo, na vita vile vikaitwa Maji Maji. Kila askari ajua risasi hufanya nini. Hata hivyo ni kosa kudhani kuwa watu wale walikuwa wajinga. Walikuwa na mikuki, na mbele yao palikuwa na bunduki. Mtu wa hali hiyo huhitaji neno la kumwezesha kusimama.

Machifu waliokuwa upande wa Waingereza walipeleka habari. Tarehe 28 Septemba 1911 askari waliivamia ngome ya Muhumusa huko Ihanga. Watu wake walipigana, wengi wakafa. Yeye mwenyewe alipigwa risasi mguuni, akashikwa. Karinga haikutoka kilimani.

Sheria ya mwaka 1912

Mwaka uliofuata serikali ya Uganda ilitunga Sheria ya Uchawi, nayo ikawa rungu la kuwapigia bagirwa. Ofisa hakulazimika tena kuthibitisha kuwa mtu ameshika silaha au amechochea uasi. Ilitosha kumwita mchawi. Hili ndilo jambo ambalo polisi wa leo, na hasa yule anayepangwa kituo cha mbali vijijini, hana budi kulijua vyema. Katika lugha zetu mchawi ni mtu anayedhuru kwa siri, tena usiku, na jamaa zake wenyewe humwogopa. Mugirwa alifanya kazi yake mbele ya watu, waliomjia kwa hiari yao mchana kweupe. Yawezekana aliwadanganya, yawezekana aliwanyonya mali zao. Hayo ni makosa yenye majina yake. Kuyatia yote katika kapu moja la uchawi kulikuwa ni kazi ya siasa.

Sheria mpya ya mwaka 1957 nchini Uganda ilijaribu kurekebisha kosa hilo, maana ilieleza wazi kuwa ibada ya mizimu inayofanywa kwa nia njema, pamoja na utengenezaji na uuzaji wa dawa za kienyeji kwa nia njema, si uchawi. Lakini iliacha adhabu moja ya zamani: mahakama iliweza kumfukuza aliyetiwa hatiani asikanyage kwao kwa muda wa miaka kadhaa. Mwaka 1997 Mahakama ya Katiba iliamua kuwa amri ya namna hiyo inapingana na Katiba ya nchi, kwa kuwa humnyima mtu shamba na riziki yake, na mwaka 1999 Mahakama ya Juu ikaukubali uamuzi huo. Muhumusa alikuwa amekwisha kufa miaka 54 kabla ya siku hiyo.

Waliobaki nyuma

Kukamatwa kwake hakukuzima moto. Mapema mwaka 1912 kijana aliyeitwa Ndungutse, aliyejidai kuwa mwana wa Rutarindwa, aliiasi ikulu katika kaskazini ya Rwanda, akapata wafuasi wengi kabla Wajerumani hawajamwua mwezi Aprili. Upande wa Kigezi, Wakiga waliendelea kuasi kwa jina la Nyabingi, wakikasirishwa na kodi, kazi za kulazimishwa, na mawakala wa Kiganda waliowekwa na Waingereza kuwatawala. Mwaka 1917 huko Nyakishenyi damu nyingi ilimwagika.

Na Musinga, aliyelindwa kwa bunduki za wageni asipinduliwe na mtoto wa Muhumusa? Wabelgiji walimwondoa katika ufalme mwaka 1931, kisha wakamhamishia Kongo, akafa ugenini huko Moba mwaka 1944. Mwanamke aliyempinga alifia ugenini mwaka mmoja baada yake.

Mwaka 1935, Muhumusa akiwa bado Kampala, mkutano mkubwa wa uamsho wa Kikristo ulifanyika Kabale, na kwa miaka iliyofuata watu wengi wa Kigezi waliiacha dini ya Nyabingi. Mwaka huohuo, Italia ilipokuwa imeivamia Ethiopia, gazeti moja la kisiwa cha Jamaica lilichapa makala yaliyodai kuwa Mfalme Haile Selassie anaongoza chama cha siri cha watu weusi kiitwacho Nyabingi. Habari hiyo haikuwa ya kweli. Lakini Marasta wa Jamaica walilipenda jina hilo, wakalishika, na hadi leo mikusanyiko yao ya ibada, pamoja na ngoma tatu wanazozipiga usiku kucha, huitwa kwa jina la Nyabingi.