Kukisia si kukadiria

Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Bei ya ukuta wenyewe hawakuitaja, na hapo ndipo sisi walimu tunapoangamia kila tupatapo mkopo wa chama cha akiba tukaazimia kuongeza chumba nyumbani.

Nasema "sisi" kwa kuwa nami nimo. Miaka kadhaa iliyopita, watoto walipokuwa wakubwa wa kutolala chumba kimoja, niliamua kujenga kingine cha mita 4 kwa 3, kiegemee ukuta wa nyuma wa nyumba yangu. Fundi mwashi niliyemwita alipima mahali pale kwa hatua za miguu, akatazama juu kama mtu asomaye mawingu, kisha akanitajia jumla. Nami, ambaye asubuhi hiyo nilikuwa nimesahihisha madaftari 40 ya hesabu za eneo na ujazo, sikushika hata kalamu. Nilikopa kiasi kile kile alichotamka. Mawe yalikwisha kuta zikiwa zimefika kozi ya 7, kimo cha mtu mzima, ilhali makato ya mkopo yaliendelea kuumega mshahara wangu kwa miaka 3.

Aliyenifumbua macho ni binti yangu, wakati huo akiwa katika kidato cha pili. Aliketi juu ya kifusi na daftari lake akaanza kuhesabu. Chumba kiegemeacho nyumba huhitaji kuta mpya 3: mita 4, 3 na 3, jumla mita 10, yaani futi 33 hivi. Kwa kuwa mawe yetu ya kuchonga huuzwa kwa futi, kila kozi itakula futi 33. Ukuta wa mita 2.7 una kozi 11, basi ni futi 363. Mlango tulikuwa tuutoboe katika ukuta wa zamani. Likiondolewa dirisha la mita 1.2 kila upande, zinabaki 343.

Fundi alikuwa ameagiza 340. Je, alikosea? Naam, kwa maana alihesabu ukuta uonekanao tu. Kozi 3 zilizozikwa chini ya sakafu zilikuwa zimemeza futi 99, na mengine yalivunjika yakishushwa garini. Ukiongeza sehemu 5 kwa 100 kwa ajili ya kuvunjika, hesabu kamili inakaribia futi 465.

Na mawe ndiyo rahisi. Kabla ya jiwe la kwanza kulazwa, mtaro wa msingi wa mita 10, upana sentimita 60, hutiwa zege la unene wa sentimita 20: hizo ni mita za ujazo 1.2. Sakafu ya mita 4 kwa 3 yenye unene wa sentimita 10 nayo ni 1.2 vile vile. Zege la sehemu 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto huhitaji mifuko 6 na nusu hivi ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo. Kwa hiyo mifuko 16 imekwenda, na bado hatujaunga jiwe wala kupiga lipu. Ikiwa ardhi yako ni ule udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, ongeza gharama ya kuuchimba wote na kuuondoa.

Kisha kuna mambo yasiyohesabika kwa futi, nayo humtesa hasa mwenye kuongeza nyumba kuliko mwenye kuanza kiwanjani. Nyumba ya zamani imekwisha kutulia juu ya msingi wake. Chumba kipya kitashuka kidogo, na pasipo maungio mazuri ufa utatokea pale pale vinapokutana. Kutoboa mlango katika ukuta uliobeba paa kunataka linta, na nguzo za kushikilia kazi ikiendelea. Mabati ya zamani hayana budi kufunuliwa ili paa mbili ziungane bila kuvuja. Fundi wangu hakutaja hata moja la haya, wala mimi sikuuliza.

Ujira nao una mtego wake. Wengi hapa kwetu huuhesabu kuwa kama thuluthi ya gharama ya vifaa, desturi nyepesi kukumbuka lakini mbaya, maana fundi hupata zaidi kadiri unavyonunua zaidi. Heri mpatane kwa hatua: msingi, kuta, paa, kila moja na malipo yake baada ya kukaguliwa. Mkadiriaji majenzi atakuandalia orodha kamili kwa ada, nami leo ningelipa ada hiyo kwa furaha. Asiyeimudu angalau aketi na kipimo na daftari kabla ya kutia sahihi fomu ya mkopo, kisha atenge sehemu 10 kwa 100 kwa yasiyotarajiwa.

Tangu siku ile wanafunzi wangu hupima darasa lao wenyewe, wakahesabu mawe yake hadi chini ya sakafu, mahali wasipoweza kuona. Wengi husahau msingi mara ya kwanza.

Chumba chetu kilikamilika hatimaye, kwa mkopo wa pili. Mawe tuliyonunua baadaye yalitoka machimbo mengine, na ukisimama uani utaona rangi ya ukuta inavyobadilika juu ya kozi ya 7.