Hadubini Inayopokea Amri

Malaria si habari ngeni kwa watu wa Kwala, wala kwa mkoa wote wa Pwani. Vijidudu vyake hujificha ndani ya chembe nyekundu za damu ambazo upana wake ni mikroni 7 hivi, na kuvitafuta kwa jicho huchosha hata mpimaji hodari. Kwa ajili hiyo watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, Bagamoyo, walishirikiana na Bongo Tech and Research Labs ya Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, katika kazi ya OpenFlexure, hadubini iendeshwayo kwa mota ambayo maelezo yake yalichapishwa mwaka 2020. Kiunzi chake ni cha plastiki, na viungo vyake hupinda badala ya kuteleza.

Mota haijui damu wala malaria. Hupokea mapigo ya umeme, basi. Maelfu ya mapigo huzungusha skrubu mara moja, nayo husogea nusu milimita. Mwanafunzi akigawanya atapata sehemu ndogo ya mikroni kwa pigo. Kumlazimu mtafiti kuhesabu hivyo kila asubuhi kungekuwa adhabu. Kwa hiyo amri zimekwisha andikwa katika maktaba ya programu, kwa lugha ya Python. Akiisha kuisimika katika kompyuta yake, huamuru tu “sogea” au “lenga”. Amri hupita mtandaoni hadi kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, kisha kwenye bodi ya mota iitwayo Sangaboard, jina la Kitanzania lisilofichika.

Usimikaji una mtego wake. Maktaba na programu za hadubini hazina budi kuwa za matoleo yanayoelewana. Fundi mwangalifu hujaribu kwanza hatua chache, lenzi ikiwa mbali na kioo, kwani lenzi ya mafuta hufanya kazi ikiwa karibu mno na kioo hicho.

Amri ya “lenga” ndiyo yenye ujanja hasa. Lenzi husogezwa huku picha zikipokelewa mfululizo, na kompyuta hupima ukubwa wa kila picha kwa baiti. Picha iliyofifia hubanwa ikawa ndogo. Iliyo kali ina kingo nyingi, haibaniki sana. Palipo na picha kubwa kuliko zote ndipo lenzi inaposimamishwa. Lakini vumbi nalo lina kingo, na kompyuta haitofautishi. Kusafisha kioo kumebaki kazi ya mkono.