Mafuta ya Transfoma

Kando ya njia za mji huonekana sanduku kubwa la chuma, lenye mabomba ubavuni na nyuzi nene juu yake. Ndiyo transfoma. Umeme utokao mbali hufika na nguvu nyingi sana. Transfoma huipunguza mpaka volti 220, ili umeme utumike nyumbani.

Ndani ya sanduku mna nini? Mna chuma, na nyuzi za shaba zilizozungushwa juu yake na kufunikwa kwa karatasi. Vyote vimezama katika mafuta. Si mafuta ya mawese wala ya karanga: ni mafuta yachimbwayo ardhini, yaliyosafishwa sana.

Mafuta hayo yana kazi mbili. Kwanza, huzuia umeme usiruke toka uzi mmoja mpaka mwingine. Pili, hupoza. Nyuzi zikifanya kazi hupata moto, na mafuta yaliyo karibu nazo vilevile. Mafuta ya moto huwa mepesi, hupanda juu, huingia katika mabomba ya ubavuni, hupozwa na upepo, kisha hushuka. Hivyo huzunguka mchana na usiku.

Adui yao ni maji. Hata maji kidogo huyaharibu. Kwa hiyo fundi huyapima: huyatia katika chombo chenye vipande viwili vya chuma vilivyoachana milimeta 2.5, kisha huongeza umeme polepole. Mafuta mapya huzuia volti 30,000 na zaidi. Yenye maji hushindwa upesi, na cheche huruka.

Watu wengine huiba mafuta hayo, huyauza, hata hukaangia chakula. Hatari ni mbili. Transfoma iliyopungukiwa mafuta huungua, na mtaa mzima pamoja na hospitali yake hubaki gizani. Tena mafuta ya transfoma za zamani huweza kuwa na sumu iitwayo PCB. Haionekani kwa macho, wala moto wa jikoni hauiondoi. Mtu akiila, hukaa mwilini miaka mingi, na mama humpitishia mtoto katika maziwa. Ndiyo sababu mataifa mengi yalipatana Stockholm, mwaka 2001, kuiondoa duniani.

Anayeona mafuta yakivuja katika transfoma asiyaguse wala kuyachota. Awaite mafundi wa umeme.

Maulizo
1. Mafuta ya transfoma yana kazi gani mbili?
2. Kwa nini mafuta ya moto hupanda juu?
3. Fundi huyapima namna gani?
4. Kwa nini ni vibaya kukaangia chakula kwa mafuta hayo?