Chemchemi ya Chokoleti, Koleo na Mikono ya Abiria 3,000

Chemchemi ya chokoleti ukiivua mapambo yake inabaki mashine ndogo isiyo na siri. Chini kuna bakuli lenye mota na kipasha joto. Katikati umesimama mrija, na ndani ya mrija huo huzunguka parafujo ndefu inayoipandisha chokoleti iliyoyeyuka hadi kileleni. Ikifika juu humwagika, hushuka ngazi kwa ngazi, kisha hurudi bakulini na kupandishwa upya. Ili itiririke vizuri, mara nyingi huongezwa mafuta ya kupikia.

Mlaji anapaswa kuufikiria mzunguko huo. Uchafu ukiingia kwenye sahani ya mtu mmoja humfika yeye peke yake. Ukiingia kwenye chemchemi hupanda mrija pamoja na chokoleti, na kuwashukia wote watakaochovya baadaye.

Meli kubwa za kitalii zimezipenda sana mashine hizi. Huwekwa kwenye meza ya vitamutamu, zikizungukwa na stroberi, vipande vya nanasi na ndizi, na keki zilizokatwa vidogo vidogo. Abiria huchukua kijiti, huchoma tunda na kulichovya. Mtoto asiyeona haja ya kijiti hutumia vidole. Mwingine hung'ata nusu, akaipenda, akairudisha nusu iliyobaki chini ya mtiririko.

Je, kitendo hicho kina madhara kiasi gani? Mtaalamu wa sayansi ya chakula Paul Dawson na wanafunzi wake katika Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, walilipima jambo hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Biskuti iliyokwisha kung'atwa ilipochovywa kwenye maji, bakteria waliongezeka kwa takriban 1,000 katika kila mililita. Walipojaribu rojo tofauti, salsa ya nyanya, ambayo ni nyepesi, ilichafuka zaidi kuliko chokoleti na jibini. Rojo nyepesi hudondoka kutoka kwenye biskuti na kurudi bakulini, ilhali chokoleti nzito huganda kwenye biskuti na kwenda nayo mdomoni.

Chokoleti ina kinga nyingine pia. Ina maji kidogo mno, na bakteria hawawezi kuzaliana pasipo maji. Ndiyo maana inaweza kukaa kwenye joto la nyuzi 40 na kitu hivi, wakati kanuni za Marekani zinataka vyakula vingi vya moto vikae kwenye nyuzi 57 au zaidi. Ila kinga hiyo ina mwisho. Kila tone la maji ya tunda linalodondokea bakulini linaipunguza, na bakteria aliyezuiwa kuzaliana si lazima awe amekufa. Salmonela huweza kuishi ndani ya chokoleti kwa miezi mingi, na mafuta ya chokoleti humkinga dhidi ya asidi ya tumbo, kiasi kwamba wachache tu wanatosha kumlaza mtu kitandani. Mwaka 2006 kampuni ya Cadbury iliondoa madukani Uingereza zaidi ya chokoleti milioni 1 kwa sababu ya salmonela, na mwaka uliofuata ikatozwa faini ya pauni milioni 1. Mwaka 2022 chokoleti za Kinder kutoka kiwanda cha Arlon, Ubelgiji, ziliwaambukiza watu zaidi ya 400 katika nchi kadhaa, wengi wao watoto wadogo.

Uchafu huo wote ulitoka kiwandani. Melini, adui mkuu ni mwingine, naye hahitaji kabisa chokoleti ili asafiri.

Tarehe 21 Januari 2014 meli Explorer of the Seas iliondoka New Jersey kwa safari ya siku 10 kwenda visiwa vya Karibiani. Ilirudi siku mbili kabla ya wakati. Kati ya abiria 3,071, walioripoti kutapika na kuharisha walikuwa 634, yaani mmoja katika kila watano, pamoja na mabaharia na wahudumu zaidi ya 50. Vipimo vilionyesha virusi vya noro, vilivyopewa jina kutokana na mji wa Norwalk, Ohio, ambako wanafunzi wa shule ya msingi waliugua mwaka 1968.

Virusi hivi vina ukaidi wa ajabu. Chembe chache tu, pengine zisizofika 20, zinaweza kumwambukiza mtu. Dalili huanza baada ya saa 12 hadi 48, kwa hiyo aliyeambukizwa Jumatatu huweza kuketi mezani Jumanne akiwa mchangamfu. Akipona, huendelea kuvitoa kwa wiki mbili au zaidi. Virusi vyenyewe huhimili hata joto la nyuzi 60, kwa hiyo uvuguvugu wa chemchemi hauvitishi.

Hapa ndipo lawama inapostahili kuhama. Chemchemi inatazamwa kwa mashaka kwa sababu inaonekana, ilhali koleo la saladi lililolala pembeni yake halitazamwi na yeyote, na katika mlo mmoja hupita mikononi mwa mamia ya watu. Kijiti hutumiwa na mtu mmoja, lakini koleo, kijiko cha supu, kitufe cha mashine ya kahawa na reli ya ngazi ni vya wote.

Kosa la pili ni kuamini jeli ya kutakasa mikono. Melini huwekwa kila mlango, na katika meli za kampuni ya Norwegian wahudumu wamezoeleka kuwapulizia abiria dawa mikononi huku wakiimba. Kwa bahati mbaya, virusi vya noro havifi vizuri kwa spiriti. Dawa yake ni sabuni, maji yanayotiririka na sekunde 20 za kusugua. Desturi ya pwani ya Afrika Mashariki, mwenyeji kuwamiminia wageni maji kwa birika kabla ya pilau, ina maana kubwa ya kiafya kuliko chupa ya jeli, mradi sabuni iwepo. Baadhi ya meli mpya zimeanza kuielewa hoja hiyo. Quantum of the Seas, kwa mfano, ina safu ya masinki mlangoni mwa ukumbi wa bufee.

Meli zinazofika bandari za Marekani kutoka ng'ambo hukaguliwa na kituo cha nchi hiyo cha kudhibiti magonjwa, CDC, kwa mpango ulioanza miaka ya 1970. Wakaguzi huja bila taarifa na kutoa alama hadi 100, na meli ikipata 85 au chini imeshindwa. Abiria au wafanyakazi wanaougua wakifika asilimia 3, habari hutangazwa hadharani. Mwaka 2024 ilitangazwa milipuko 18. Hata hivyo, CDC yenyewe husema meli ni asilimia 1 tu ya milipuko yote ya noro inayoripotiwa Marekani. Mingi hutokea kwenye makazi ya wazee, shule na migahawa, ambako hakuna anayehesabu kwa makini namna hiyo.

Bandari nazo huogopa. Februari 2024 meli ya Norwegian Dawn, ambayo msimu huohuo ilitia nanga Mombasa, ilizuiwa na Mauritius kushusha abiria kwa hofu ya kipindupindu baada ya watu kadhaa kuumwa tumbo. Vipimo vilionyesha hakikuwa kipindupindu, na zaidi ya watu 2,000 wakaruhusiwa kushuka.

Kanuni moja inastahili sifa zaidi ya nyingine zote. Mhudumu wa chakula aliyeharisha au kutapika hatakiwi kurudi jikoni hadi dalili ziishe kwa saa 48. Kanuni hiyo hufanya kazi pale tu ambapo mhudumu hataadhibiwa kwa kusema anaumwa, na abiria naye hatafikiri kwamba kujificha ni bora kuliko kufungiwa chumbani likizo nzima.

Sasa chemchemi hizi zinakodishwa pia kwa harusi Dar es Salaam na Nairobi, ambako hakuna mkaguzi wala alama. Anayeikodi aiweke ndani, mbali na vumbi na nzi. Amweke mtu mmoja wa kuwachovyea wageni, kijiti kipya kwa kila kipande na matunda yaliyofutwa maji. Sherehe ikiisha, chokoleti iliyobaki bakulini imwagwe, hata ikiwa nusu ya ndoo.