Ploti yako imebakisha miaka mingapi? Hesabu kabla ya kukopa, kujenga au kupanda

WAFANYABIASHARA wengi wenye maduka mijini, na hata baadhi ya wakulima, huamini kwamba aliye na hatimiliki kabatini hana la kuhofia. Hiyo ni kweli kwa ardhi ya umiliki usio na kikomo. Lakini kuna ardhi ambayo mwananchi ameikodi kutoka kwa serikali kwa muda maalumu, na hati yake ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Siku hiyo ikifika kabla ya muda kurefushwa, ardhi hurudi kwa serikali, na duka au miti iliyo juu yake haiwezi kubebwa kwa mkokoteni.

Utaratibu huu ni wa tangu ukoloni. Sheria ya ardhi ya 1902 iliruhusu ukodishaji wa hadi miaka 99, na ile ya 1915 ikaruhusu mashamba ya walowezi kukodishwa kwa miaka 999. Katiba ya 2010 nayo ilisema kwamba asiye raia wa Kenya hawezi kushikilia ardhi kwa zaidi ya miaka 99. Kwa raia wa kawaida, ploti nyingi za biashara na makazi mijini zilitolewa kwa miaka 99 au pungufu.

Kosa la kwanza ni la hesabu. Miaka huanza kuhesabiwa tarehe iliyoandikwa kwenye mkataba wa ukodishaji, wala si siku uliyonunua. Chukua mfano wa ploti iliyokodishwa kwa miaka 99 kuanzia Januari 1, 1934. Muda wake unaisha Desemba 31, 2032. Aliyeinunua mwanzoni mwa 1998 hakununua miaka 99, bali alinunua 35 iliyosalia.

Hesabu ya faida

Tuseme duka kwenye ploti kama hiyo huleta kodi ya Sh30,000 kwa mwezi, yaani Sh360,000 kwa mwaka. Ikiwa imebaki miaka sita, duka hilo litaingiza Sh2.16 milioni hadi siku ya mwisho, kabla ya kutoa gharama za ukarabati na ushuru. Sasa mtu akuuzie kwa Sh6 milioni. Ina maana Sh3.84 milioni kati ya pesa zako zinategemea kitu kimoja tu: kwamba muda utarefushwa. Huenda ukarefushwa, lakini mnunuzi mwerevu hudai bei ipunguzwe, au humtaka muuzaji arefushe muda kwanza ndipo wauziane.

Benki nazo hufanya hesabu hiyo hiyo. Hakuna mkopeshaji makini atakayetoa mkopo wa miaka 10 kwa dhamana itakayoisha baada ya sita. Mkulima naye ajiulize. Parachichi za Hass za kupandikizwa huchukua takriban miaka mitatu kabla ya kuanza kuzaa, na mkulima hutarajia kuvuna kwa miaka mingi baada ya hapo. Kupanda mti wa aina hiyo kwenye shamba lililobakisha miaka michache ni sawa na kumpandia mwingine.

Wanaonunua nyumba ndani ya maghorofa pia wamo. Hati ya nyumba moja hutegemea ardhi iliyo chini ya jengo zima. Sheria ya 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za jengo inataka ardhi ya kukodi iwe imebakisha angalau miaka 21 ndipo jengo ligawanywe kwa hati tofauti. Kwa hivyo usiangalie rangi ya ukuta na lifti pekee, bali pia miaka ya ardhi.

Uingereza, ambako mfumo huu ulitoka, wenye nyumba za ghorofa wanaujua uchungu huu vizuri. Sheria yao ya 1993 ilimpa mwenye nyumba haki ya kuongezewa miaka 90 kwa malipo. Lakini chini ya sheria hiyo, miaka ikishuka chini ya 80, bei ya kuongezewa hupanda kwa sababu mwenye ardhi hudai sehemu ya thamani inayopatikana muda unaporefushwa. Bunge lao lilipitisha sheria nyingine mwaka wa 2024 ili kuondoa mzigo huo. Funzo ni kwamba anayengoja hulipa zaidi.

Haki yako kisheria

Kifungu cha 13 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinampa aliyekuwa akishikilia ardhi nafasi ya kwanza ya kugawiwa tena muda ukiisha. Kuna masharti mawili: awe raia wa Kenya, na ardhi iwe haihitajiki na serikali kuu au ya kaunti kwa matumizi ya umma. Kanuni za 2017 zinaitaka Tume ya Kitaifa ya Ardhi imjulishe mwenye hati kwa barua iliyosajiliwa, ndani ya miaka mitano kabla ya muda kuisha.

Hata hivyo, usikae ukingoja barua. Barua hutumwa kwa anwani iliyo kwenye rekodi, na rekodi nyingi zina sanduku la posta la baba aliyefariki zamani. Afadhali wewe uifuate afisi kuliko kungoja afisi ikufuate.

Ni vyema pia kutofautisha mambo mawili. Kurefusha muda huombwa kabla mkataba haujaisha, ukiwa bado mwenye ardhi kisheria na unaweza kujadiliana ukiwa na nguvu. Kupewa upya huombwa baada ya muda kuisha, wakati ardhi imesharudi kwa serikali nawe umebaki na ile nafasi ya kwanza tu.

Mambo ya kufanya sasa

Kwanza, toa hati kabatini usome tarehe ya kuanza na idadi ya miaka. Kisha fanya sachi rasmi ili ulinganishe hati na rekodi za serikali. Kwa ardhi ambayo rekodi zake ziko kwenye mfumo wa Ardhisasa, uliozinduliwa Aprili 2021 kwa kuanzia Nairobi, sachi hufanywa kwa intaneti.

Pili, lipa madeni. Ardhi ya kukodi huwa na malipo mawili: kodi ya ardhi kwa serikali kuu na ushuru wa ardhi kwa kaunti. Pata vyeti vya kuonyesha huna deni kokote, na uweke risiti zote pamoja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, angalia matumizi. Ikiwa mkataba unasema makazi nawe umejenga maduka, shughulikia ruhusa ya kubadilisha matumizi katika idara ya mipango ya kaunti. Anayeomba kurefushiwa huku amevunja masharti hujitafutia kizuizi.

Nne, na hapa ndipo familia nyingi hukwama, tazama jina lililo kwenye hati. Ikiwa ni la marehemu, kesi ya urithi lazima imalizwe mahakamani na ardhi ihamishwe kwa warithi. Shughuli hiyo inaweza kuchukua miaka, hasa ndugu wakivutana. Familia iliyobakisha miaka mitano na haijaanza kesi ya urithi imeshachelewa, si kwamba ina muda.

Tano, tenga hela. Kutakuwa na upimaji, ukadiriaji wa thamani na usajili wa mkataba mpya. Kodi ya ardhi pia huenda ikapanda kwa kuwa hukadiriwa upya. Lipia kwa njia rasmi za serikali pekee, na jihadhari na dalali anayedai pesa taslimu ili "kuharakisha faili". Ikiwa ardhi imewekwa dhamana benki, ijulishe benki mapema.

Miaka ya ardhi ni mali inayopungua kila Desemba ikipita, kama stoo ya mahindi inayotolewa gunia moja kila mwezi. Mkulima hangoji gunia la mwisho ndipo aanze kulima. Mwenye ploti naye aanze shughuli hii ikiwa imebaki miaka 10, na aliyebakisha pungufu ya hapo aende afisi ya ardhi wiki hii, hati mkononi.