Ndege wa Uani Baada ya Theluji: Watazame kwa Furaha, Linda Afya ya Nyumba Yako

Theluji inapoanza kuyeyuka katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, ndege huonekana kwa urahisi, kwa kuwa miti bado haijachipua majani. Kadinali mwekundu, njiwa, shomoro na chiriku hukusanyika kwenye vyombo vya kulishia ndege vilivyotundikwa uani. Kuwatazama ni burudani njema kwa watoto na wazee, wala hakuna haja ya kuiacha. Kinachohitajika ni usafi wa mikono na wa chombo chenyewe.

Kwa nini majira haya yanahitaji uangalifu?

Wakati wa baridi kali chakula cha ndege huwa haba, hivyo ndege wengi hubanana mahali pamoja. Ndege mgonjwa hula pamoja na wazima, na kinyesi chake huangukia mbegu. Kinyesi hicho, pamoja na maganda ya mbegu, hufunikwa na theluji. Theluji ikiyeyuka, uchafu wa miezi kadhaa hufichuka, ukiwa umelowa na kuota kuvu. Ni wakati huohuo ambapo watoto hutoka nje kucheza na kuokota vitu vilivyo chini.

Ni magonjwa gani yanayoweza kutokea?

Ugonjwa wa kuangaliwa zaidi ni ule unaoletwa na bakteria waitwao Salmonela. Mwaka 2021 Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kilitangaza mlipuko wa Salmonela uliohusishwa na ndege wadogo wa porini. Watu waliugua katika majimbo kadhaa. Bakteria hao hutoka kwenye chombo, huingia mikononi, kisha hufika mdomoni. Dalili zake ni kuhara, homa na maumivu ya tumbo, nazo huanza kati ya saa 6 na siku 6 baada ya kuambukizwa. Walio hatarini zaidi ni watoto wa chini ya miaka 5, watu wa miaka 65 na zaidi, na wenye kinga dhaifu ya mwili.

Mafua ya ndege nayo yamekuwa yakiwapata ndege wa porini na kuku wafugwao nchini Marekani tangu mwaka 2022. Huonekana zaidi kwa bata, bata bukini na tai kuliko kwa ndege wadogo wa uani. Hata hivyo, ukifuga kuku, usiweke chakula cha ndege wa porini karibu na banda lao.

Namna ya kusafisha chombo cha kulishia ndege

1. Fanya kazi hii nje ya nyumba. Usitumie kamwe sinki la jikoni.
2. Vaa glavu. Mwaga mbegu za zamani, kisha sugua chombo kwa maji ya moto na sabuni.
3. Changanya kikombe 1 cha klorini ya kufulia nguo na vikombe 9 vya maji. Loweka chombo kwa dakika 10. Usichanganye klorini na siki wala dawa nyingine ya usafi, kwani mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu.
4. Suuza vizuri, na ukiache kikauke kabisa kabla ya kukijaza tena.
5. Fagia maganda na kinyesi kilicho chini, uvitie katika mfuko na kuvitupa.
6. Nawa mikono kwa sabuni na maji kwa sekunde 20. Wasimamie watoto wafanye vivyo hivyo kila watokapo uani.

Rudia usafi huu kila baada ya wiki mbili.

Ukiona ndege mgonjwa au aliyekufa

Ndege mgonjwa hujikunyata, manyoya yakiwa yametutumka, wala haruki ukimkaribia. Pengine macho yake huwa yamevimba. Ukimwona, ondoa chombo kwa wiki mbili ili ndege watawanyike. Usimshike ndege aliyekufa kwa mikono mitupu, na mzuie paka asimguse. Ndege aliyeokotwa amekufa asipikwe wala kuliwa. Piga simu idara ya wanyamapori ya jimbo lako uelekezwe la kufanya.

Wakati wa kumwona daktari

Mpigie daktari bila kukawia iwapo mgonjwa anahara damu, ana homa inayozidi nyuzi 102 za Farenihaiti (takriban 39 za Selsiasi), amehara zaidi ya siku tatu, au anatapika kiasi cha kutoweza kunywa maji. Kwa mtoto mchanga, usisubiri hata siku moja. Mweleze daktari kwamba nyumbani mnalisha ndege. Omba mkalimani wa Kiswahili. Huduma hiyo haina malipo.