Pikipiki kuukuu inapolia (2): Mlio unafuata nini?

Wiki iliyopita tulifuata njia ya nguvu kutoka kwenye krenki, kupitia klachi na giaboksi, hadi kwenye cheni na gurudumu la nyuma. Leo tuingie kwenye mlio wenyewe, maana ndio unaowafanya wenye pikipiki za zamani kushusha injini zisizo na kosa. Kwa kawaida mtu humwambia fundi kuwa pikipiki inagonga, inakwaruza au inavuma, na fundi huanza kutafuta kifaa kinachofanana na neno hilo. Huo ni ushahidi dhaifu. Chuma husafirisha sauti. Beringi ya gurudumu la nyuma huweza kusikika chini ya kiti, na cheni iliyolegea ikipiga kava yake utadhani injini imekufa. Kabla ya kuuliza pikipiki inalia vipi, tuulize mlio unafuata nini: mzunguko wa injini, mwendo wa gurudumu, au mzigo?

Anza ukiwa umesimama, injini inawaka, gia ikiwa huru. Ongeza mafuta kidogo. Mlio ukipanda pamoja na injini, cheni na sproketi hazihusiki, kwa kuwa muda huo hazizunguki. Kisha bana klachi. Klachi ikiwa imeachiwa, shafti inayoingiza nguvu kwenye giaboksi huzunguka hata kama gia ni huru. Ukibana, hupungua na kusimama. Kwa hiyo mlio unaokoma ukibana unaelekeza kwenye beringi za shafti hiyo, na mlio unaoanza ukibana unaelekeza kwenye beringi ndogo inayosukuma klachi. Usiobadilika uko upande wa krenki na vali. Hapa kuijua injini yako kunalipa. Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976 na kuigwa na viwanda vingi vya China, haina cheni ya taimingi. Vali zake husukumwa na fito. Pikipiki aina ya Boxer inayo cheni hiyo. Anayemwambia mwenye injini ya aina ya CG kwamba cheni ya taimingi imelegea amekihukumu kifaa ambacho hakimo.

Ikiwa mlio husikika pikipiki inapotembea tu, na hauondoki hata ukibana klachi na kuacha injini itulie kwenye barabara nyoofu isiyo na magari, basi anza kutafuta nyuma. Hapo hesabu husema zaidi kuliko sikio. Tuchukue mfano wa pikipiki yenye sproketi ya mbele ya meno 14, ya nyuma ya meno 42, na cheni ya pingili 116. Zima injini, weka gia huru, simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, chora alama ya chaki kwenye tairi, kisha zungusha gurudumu taratibu kwa kushika tairi, vidole vikae mbali na cheni. Mlio unaokuja mara moja kila mzunguko, chaki ikiwa palepale, ni wa gurudumu, breki au sproketi ya nyuma. Ukija mara tatu kwa mzunguko mmoja, angalia sproketi ya mbele, kwa sababu 42 gawanya kwa 14 ni 3. Lakini pingili moja iliyoganda kwa kutu hurudi sehemu ileile baada ya mizunguko 2 na robo tatu hivi, yaani 116 gawanya kwa 42. Kila ikilia utaikuta chaki imebaki nyuma kwa robo ya duara. Hakuna kifaa kingine chenye tabia hiyo.

Mlio unaofuata mzigo, ule wa kugonga mara moja kwa kishindo unapoongeza au kuachia mafuta, mara nyingi hutoka kwenye raba za habu ya nyuma zilizokwisha, au kwenye cheni iliyolegea. Cheni usiihukumu kwa macho. Kwenye cheni ya namba 428, inayotumika kwenye pikipiki nyingi za ukubwa huu, pingili 20 mpya zina urefu wa milimita 254. Zikivutika hadi 259 hivi, cheni imekwisha. Na usiikaze ukiwa kwenye sehemu iliyolegea zaidi. Cheni kuukuu hailegei sawasawa, hivyo ukikaza hapo, sehemu iliyobana itavuma na kuumiza beringi.

Wapo watakaosema fundi mzoefu hahitaji chaki wala rula, akisikiliza tu anajua. Ni kweli wapo mafundi wenye masikio ya ajabu, na bisibisi ndefu iliyobanwa kati ya injini na sikio ni kipimo halali. Ila fundi wa namna hiyo, ukimtazama, huongeza mafuta, hubana klachi na kuzungusha gurudumu. Anauliza swali lilelile kwa mikono. Wengine watasema gharama ya kubadilisha cheni pamoja na sproketi ni kubwa, wabadilishe cheni peke yake. Meno ya sproketi yakiwa bado mazima, sawa. Yakiwa yamepinda kama ndoano, cheni mpya itachakaa haraka na mlio utarudi.

Kwa hiyo usiruhusu injini ifunguliwe kabla ya vipimo hivi. Vinachukua dakika chache na havidai spea yoyote. Na beringi ya gurudumu ikishaanza kunguruma, usipakie abiria mpaka ibadilishwe.